Klasi Iliyobeba Kijiji

Ndugu msomaji, Kamuli ninayoisema hapa si ile ya Busoga, kule Uganda. Ni kata ya wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera, ambako migomba na mibuni husimama pamoja shambani kama watoto wa mama mmoja. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kati na kati, sikuendelea. Tangu hapo naandika riwaya usiku, na mchana namsaidia kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye alisomea kompyuta na kurudi nyumbani na kompyuta yake ya mapajani.

Msimu mmoja wa kahawa, kaka aliombwa na chama cha msingi cha jirani awatengenezee programu ya kuandikisha wakulima. Alikesha wiki tatu, na mimi nilikuwa nikimchemshia chai na kuingiza majina. Programu ikafanya kazi, watu wakapiga makofi. Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, umeona? Daftari la karani limekufa."

Daftari halikuwa limekufa. Bei ya kahawa ya maganda ilishuka kwa shilingi 200 kwa kilo, kaka akaingia kwenye programu akabadili bei. Siku ya tatu akaja bibi mmoja, amefunga khanga kiunoni, ana fimbo. Alikuwa ameuza kilo 62 kabla bei haijashuka na bado hajalipwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Waitu, nisomee hii."

Stakabadhi yake ilikuwa imelowa mvua. Tukamchapia nyingine. Karatasi mpya ikatoka na jumla iliyopungua shilingi 12,400. Bibi hajui kusoma sana lakini hesabu ya kahawa yake anaijua kuliko mashine. Alitutazama kwa zamu, kaka kisha mimi, akasema taratibu, "Zamani mwizi alikuwa anakuja usiku."

Hatukuwa wezi, wallahi. Lakini utamweleza nini? Fedha ile ilikuwa sare ya shule ya mjukuu wake. Mzee karani ndiye aliyetuokoa. Alifungua daftari lake la zamani, akaonyesha tarehe, kilo, na bei ya siku ile. Bibi akalipwa haki yake. Lakini alipotoka hakutuaga, na wakulima wengine wakaanza kuja na karatasi zao kuzikagua.

Usiku ule kaka alinionyesha ugonjwa ulipo. Katika programu yake kulikuwa na klasi moja, aliyoiita Mkulima. Klasi, kwa wewe usiyejua, ni kama fomu yenye akili: inabeba habari za kitu fulani pamoja na kazi ambazo kitu hicho kinaweza kufanya. Klasi ya Mkulima ilikuwa na mistari 2,300. Ilijua jina la mkulima, mibuni yake, kilo zake, bei, makato, malipo, na hata jinsi ya kuchapa stakabadhi. Kila mara stakabadhi ilipochapwa, klasi ilikwenda kuuliza bei ya leo, si bei ya siku kahawa ilipopimwa. Kugusa bei kukawa kumegusa karatasi ya bibi.

"Hii klasi imebeba kijiji kizima," kaka alisema. "Lazima niigawe."

Nilidhani kugawa ni jambo rahisi. Sisi wa Kamuli tumegawanywa. Mpaka mwaka 2012 tulikuwa wilaya ya Karagwe, na mwenye shida ya kiwilaya alifunga safari hadi Kayanga. Mwaka huo ikazaliwa wilaya ya Kyerwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 332,020 upande wa Karagwe na 321,026 upande wetu. Ukikata hivyo, mzigo unakuwa nusu kwa nusu. Lakini wazee walikuwa wakibishana mpaka usiku kwenye vilabu vya rubisi: mpaka upite wapi, kipi kiwe cha huku na kipi kibaki cha wote. Maana kukata mtu yeyote anaweza, shida ni kujua unakata wapi.

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma historia ya hawa watu wa kompyuta. Nilitaka kujua nani aliliuliza kwanza, na alijibu nini. Nilichokikuta kilinishangaza, kwa sababu nilidhani ni watu wa hesabu tupu, kumbe walikuwa na aibu na majuto kama sisi.

Mwezi Oktoba 1968, wataalamu wapatao 50 walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO. Mashine zilikuwa zimekua haraka kuliko uwezo wa watu kuziandikia programu. Kazi zilichelewa, gharama zilipanda, na programu zilijaa makosa ambayo ukirekebisha moja, linazaliwa jingine. Wakakiri hadharani kwamba kuna mgogoro. Mwaka huohuo Edsger Dijkstra, Mholanzi, alichapisha barua maarufu akilalamikia amri ya kurukaruka ndani ya programu, ile inayomfanya msomaji asijue ametoka wapi na anakwenda wapi. Ujumbe wa watu hao ulikuwa mmoja: kichwa cha binadamu ni kidogo, programu ni kubwa, lazima igawanywe vipande ambavyo kichwa kinaweza kuvibeba.

Sawa. Vipande gani?

Jibu lililonikaa moyoni lilitolewa Desemba 1972 na David Parnas, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon, Marekani. Alichukua mfano mdogo, programu ambayo mtu hodari angeimaliza kwa wiki moja au mbili. Kazi yake ni kuchukua sentensi, kuzungusha maneno yake, kisha kupanga matokeo yote kwa alfabeti. Tuseme "kahawa ya Kamuli". Ukilipeleka neno la kwanza mwisho, inakuwa "ya Kamuli kahawa", halafu "Kamuli kahawa ya". Faharasa za vitabu zilikuwa zikitengenezwa namna hiyo, ili mtu atafute kwa neno lolote.

Parnas aliigawa programu hiyo mara mbili. Mara ya kwanza aliigawa kama wengi walivyokuwa wakifanya, kwa kufuata hatua za kazi: kipande cha kusoma, kipande cha kuzungusha, kipande cha kupanga, kipande cha kutoa, na msimamizi wao. Ukiangalia unaona inapendeza, kila mtu na zamu yake. Lakini, akasema, vipande vyote hivyo vinajua sentensi zimewekwaje ndani ya kumbukumbu ya mashine. Siku ukitaka kuziweka kwa namna nyingine, unafungua karibu kila kipande. Umegawa, lakini hujatenganisha.

Mara ya pili hakuuliza kazi inaanzia wapi na kuishia wapi. Aliuliza: ni uamuzi gani unaoweza kubadilika kesho? Kila uamuzi wa namna hiyo akaujengea nyumba yake, akafunga mlango. Namna ya kuhifadhi sentensi ikawa siri ya moduli moja. Wengine wakitaka sentensi wanabisha hodi na kuomba, hawaingii jikoni. Kesho ukibadili jiko, majirani hawajui wala hawahitaji kujua.

Niliposoma hapo nilimwita kaka. Yeye alikuwa tayari ameshaigawa klasi yake vipande vitano: kupokea, kupima, kukokotoa, kulipa, kuchapa. Alikuwa amefurahi kweli. Lakini wiki iliyofuata viongozi wa chama waliamua kuongeza kato la unyevu kwa kahawa isiyokauka vizuri, na kaka akajikuta amefungua vipande vyote vitano. Alikuwa amerudia mgawanyo wa kwanza wa Parnas bila kumjua. Nikamsomea. Akanyamaza, kisha akasema, "Huyu mzee aliandika haya kabla mama yangu hajaolewa?"

Naam. Tena wazo la klasi lenyewe ni la zamani kuliko andiko hilo. Lilizaliwa Oslo, Norwei, katika miaka ya 1960, kwa mikono ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Hao walitaka kuigiza mambo ya dunia ndani ya kompyuta: foleni, viwanda, magari yanayosubiriana. Lugha yao, Simula 67, ilimpa mwandishi wa programu uwezo wa kuumba aina za vitu, kila kitu na habari zake na tabia zake. Mimi mwandishi wa hadithi jambo hili lilinigusa, kwa sababu huko ni kuumba wahusika. Na Nygaard hakuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali, ili wafanyakazi wawe na sauti katika mashine zinazoletwa kazini kwao. Kwa hiyo mtu aliyetuletea klasi aliamini kwamba anayetumiwa na mashine naye aulizwe. Nilimkumbuka bibi na fimbo yake.

Klasi zikaenea. Kila kilicho kizuri kikienea hupata unene. Ni rahisi kuongeza mstari mmoja kwenye klasi iliyopo kuliko kujenga mpya. Leo mstari, kesho mitatu, mwakani una jitu. Mwaka 1992 yalitokea mambo mawili yaliyohusu unene huo. William Opdyke, katika Chuo Kikuu cha Illinois, alimaliza tasnifu yake ya udaktari, akisimamiwa na Ralph Johnson, kuhusu jinsi ya kupanga upya programu hatua kwa hatua bila kubadili inachokifanya. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa rifaktaringi. Angalia vizuri hapo: kwa nje hakuna kinachobadilika. Mkulima anapata stakabadhi ileile, jumla ileile. Kinachobadilika ni mpangilio wa ndani, ili badiliko la kesho lisiumize.

Mwaka huohuo Ward Cunningham, akieleza programu ya mambo ya fedha aliyoshiriki kuiandika, alifananisha haraka na deni. Ukitoa programu ambayo hujaielewa sawasawa umekopa, na kila siku unayoiacha hivyo unalipa riba. Kwetu Kagera hatuhitaji kutafsiriwa hilo. Tuna butura. Mkulima ana shida, kahawa bado ni maua, anakuja mwenye fedha anainunua ikiwa mtini kwa bei ya kutupa. Serikali imepiga marufuku mchezo huo, lakini shida haisomi matangazo. Mavuno yakifika, jasho lako si lako. Klasi ya mistari 2,300 ni butura. Kaka aliuza maua wiki zile tatu alizokuwa akikesha, na bibi ndiye aliyekuja kulipa.

Miaka saba baadaye, mwaka 1999, Martin Fowler alitoa kitabu kilichoyakusanya haya yote, akisaidiwa na Kent Beck, Opdyke mwenyewe, na John Brant na Don Roberts, waliokuwa wametengeneza kifaa cha kufanya kazi hiyo katika lugha ya Smalltalk. Kitabu kinataja dalili za ugonjwa kama daktari anavyozitaja, na klasi kubwa ni mojawapo. Dawa yake mojawapo ni kutoa klasi kutoka ndani ya klasi: unatafuta habari na kazi zinazokwenda pamoja, unazihamishia nyumba mpya, kimoja kimoja, na baada ya kila hatua unajaribu kama mambo bado yako sawa. Usihamishe kijiji kwa usiku mmoja.

Usije ukasema haya ni ya Wazungu na majengo yao ya vioo. Vuka ziwa uende Eldoret, Kenya. Kule Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walikuwa wakishirikiana katika matibabu. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta, kwa programu ndogo iliyojengwa juu ya Microsoft Access. Ilifaa kwa kituo. Lakini wagonjwa wa UKIMWI waliohitaji kufuatiliwa mwaka hadi mwaka wakaongezeka, kliniki zikaongezeka, na kile kilichotosha kituo kimoja kikaanza kuelemewa.

Mwaka 2004 madaktari wawili wenye ujuzi wa kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret. Badala ya kuongeza kiraka juu ya kiraka, waliamua kujenga upya. Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, aliyekuwa na shida kama hiyo kwingineko, akaungana nao. Ndipo ikazaliwa OpenMRS, programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuitumia bure. Mwaka 2006 ilianza kufanya kazi Eldoret, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu, Rwanda.

Nikuonyeshe walikata wapi. Walijiuliza swali la Parnas: nini kitabadilika? Wakajijibu: maswali ya daktari. Leo anauliza uzito na kikohozi, kesho imekuja dawa mpya, keshokutwa kipimo kipya. Kama kila swali lina nafasi yake ya kudumu ndani ya programu, kila dawa mpya ni upasuaji. Kwa hiyo wakaweka kamusi ya dhana. Swali jipya ni neno jipya katika kamusi, na nyumba haibomolewi. Kisha wakaacha kiini kiwe kidogo, na mahitaji ya kila hospitali yaongezwe kama moduli pembeni. Hospitali ya nchi moja inachukua moduli hii, ya nchi nyingine inaiacha.

Hata hivyo kiini nacho kilinenepa. Kurasa ambazo muuguzi anaziona kwenye kioo zilikuwa zimeshikamana na kiini, kiasi kwamba aliyetaka sura mpya alilazimika kuishi na ya zamani. Katika toleo la 2.0 la jukwaa lao, mwaka 2016, kurasa hizo za zamani zilitolewa kwenye kiini zikawekwa katika moduli yake. Hawakuzitupa. Kliniki iliyozizoea iliweza kuendelea nazo, na iliyotaka mpya ikaziacha. Hapo ndipo nilipoona kwamba kugawa vizuri ni heshima pia. Hukimbilii usasa ukamwacha muuguzi wa kijijini kizani.

Basi tukarudi kwenye meza yetu Kamuli. Kaka alikuwa na wasiwasi. "Nikigusa, nitajuaje kama sijaharibu tena?" Nikamwambia, "Mwombe karani daftari." Alinitazama kama nimemtukana, maana si alisema limekufa? Lakini alikwenda, akaamkia, akaomba. Mzee akampa, akasema tu, "Usilichafue."

Tulichagua stakabadhi 40 za zamani ambazo daftari lilithibitisha jumla zake. Hizo zikawa mtihani wetu. Kaka alitoa kwanza Bei, akaipa nyumba yake: kila bei na tarehe yake, na ukitaka bei lazima useme ya siku gani. Tukaendesha stakabadhi 40. Thelathini na nane zikakubali, mbili zikakataa. Hatukulala mpaka tukajua kwa nini: zilikuwa za siku ileile bei ilipobadilika, asubuhi bei moja na jioni nyingine. Tukarekebisha, zote 40 zikakubali. Ndipo akatoa Mzigo, wenye kilo, unyevu na makato. Tukajaribu tena. Kisha Malipo. Kisha Stakabadhi, ambayo sasa haikokotoi chochote, inachapa ilichopewa. Kazi ilichukua siku kumi na moja. Mkulima akabaki na mistari 140: jina lake, kijiji chake, namba yake. Mtu tu, kama inavyopaswa.

Siku ya mwisho niliangalia lile daftari kwa makini. Mbele majina. Katikati mizani, kwa tarehe. Nyuma ukurasa wa bei, nao una tarehe zake. Malipo yalikuwa kwenye kijitabu kingine kabisa, chenye sahihi na vidole gumba. Ndugu msomaji, mzee karani alikuwa na moduli zake miaka yote hiyo! Hakuna aliyemwita mtaalamu. Alijua kwa uzoefu kwamba bei hubadilika na kilo zilizokwisha kupimwa hazibadiliki, na kwamba vitu viwili visivyobadilika pamoja havilali kitanda kimoja. Sisi tuliyachukua yote aliyokuwa ameyatenganisha, tukayamwaga kwenye gunia moja, tukasema ni maendeleo.

Katika msimu uliofuata bei ilibadilika mara kadhaa. Kaka alifungua nyumba moja tu kila mara. Bibi alikuja na kahawa yake, akapimiwa, akachukua stakabadhi. Akaikunja, akaiweka ndani ya pindo la khanga. Kisha akamgeukia karani, akamwuliza kama na yeye ameandika. Karani akasema ameandika. Ndipo akaondoka. Hatujarudishiwa imani yote, na sidhani tuna haki ya kuidai upesi.

Nawaandikia hasa nyinyi wenzangu mnaoandika. Katika riwaya yangu nina mhusika mmoja ambaye ni mwalimu, mganga, mpenzi, mlevi na mpigania haki kwa wakati mmoja. Kila nilipohitaji jambo litendeke nilimpa yeye, kwa sababu alikuwa tayari yupo. Sasa hata nikibadili jina la mke wake, sura kumi zinaanguka. Juzi nilichukua daftari jipya. Nilianza kwa kumtoa yule mganga, nikampa kijiji chake na mama yake. Sijui riwaya itafika wapi. Ila mganga, mara tu alipopata nyumba yake, alianza kusema mambo ambayo sikuwahi kumfikiria kuyasema.